Mashine ni ya braza, watanichukulia nini?

Juzi nimekaa kwenye kibanda kimoja cha kuweka nyimbo na muvi pale Majengo, Dodoma, CPU iko chini ya meza imefunikwa kipande cha kanga maana vumbi la huku mnalijua, kijana wa pale ananiambia kaka, mteja akija na memori ina zile video za ngono za watoto mimi nikimrushia mwenzake kosa ni la mteja, mimi nimepata buku tu na mashine ni ya braza, watanichukulia nini? Roho iliniuma, maana wanaowaza hivi ni wengi.

Tuanze na hiyo buku. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 haijali umepata kidogo, ukisambaza picha za ngono za mtoto au ukamrahisishia mtu kuzipata faini inaanzia milioni 50 au mara tatu ya ulichovuna, kile kikubwa ndo kinahesabika, au jela kuanzia miaka 7, au vyote viwili. Na mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18, hizo habari za "mbona ni mkubwa yule" hazipo.

Alafu watu wanadhani ukimaliza kulipa faini mali zako unarudishiwa. Hapana jamani, kutaifisha ni amri ya peke yake. Sheria ya mazalia ya uhalifu ya 1991 inafuata kilichopatikana kwa uhalifu na pia kilichotumika kuufanya, na hapa ndo wengi wanateleza, kwasababu hata kama CPU uliinunua kwa hela ya zabibu za shambani kwako, jasho lako halali kabisa, ikitumika kwenye kosa hilo inaweza kwenda.

Sasa braza. Kuandika mali jina la mwingine ili kuificha hakukuokoi, ila braza wa kweli ambaye hakuhusika wala hakujua anayo haki ya kwenda mahakamani kudai chake, na ni yeye anatakiwa aonyeshe hivyo. Wenzetu Marekani hili liliwasumbua sana, 1996 Mahakama yao ya Juu ilikubali mama mmoja wa Michigan, Tina Bennis, apoteze haki yake kwenye gari walilomiliki pamoja na mumewe, eti kwasababu mume alikamatwa humo na kahaba, mama wa watu hajui lolote! Mwaka 2000 Bunge lao ndo likaweka kinga ya mwenye mali asiye na hatia kwenye kesi za madai ambazo serikali kuu inafungua kutaifisha mali. Mimi naona walichelewa.

Na polisi kuchukua simu yako sio kwamba imeshataifishwa, hapo inashikiliwa kama kielelezo, kutaifisha ni mpaka mahakama iamue.

Lakini kinachoniumiza kuliko vyote ni watu kurusha hizo video kwenye magrupu eti "tumsaidie huyu mtoto apatikane". Unamuumiza mara ya pili, na wewe unakuwa umesambaza. Usikopi, usimtumie mtu, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi au piga 116, ni bure.

Yule kijana aliniuliza namba mara mbili, akaiandika kwa maka peni ukutani, pembeni ya bei ya nyimbo.