Sekunde 90: ninachokitazama ninapokagua kabini ya ndege

Nikisema kwamba mimi ni mkaguzi wa serikali wa usalama wa ndege, wengi hudhani kwamba nashinda kwenye injini. Wakaguzi wa injini wapo, nao ni wenzangu, lakini eneo langu linaanzia kwenye mlango wa chumba cha marubani na kuishia kwenye choo cha mwisho: viti, mikanda, milango, mitelezo ya dharura, mitungi ya kuzimia moto na, kuliko vyote hivyo, wahudumu watakaovitumia siku ya hatari.

Kipimo kikuu katika eneo hilo ni muda. Ndege yenye viti zaidi ya 44 vya abiria haipewi cheti mpaka mtengenezaji athibitishe kwamba watu wote waliomo wanaweza kushuka chini ndani ya sekunde 90, kukiwa giza, na kwa kutumia nusu tu ya milango. Marekani ilianza na sekunde 120 mwaka 1965, na miaka miwili baadaye ikazipunguza. Airbus A380 ilipojaribiwa mjini Hamburg mwaka 2006, watu 873 walitoka kwa sekunde 78.

Kiwango hicho kina sababu yake, nayo ni tabia ya moto ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi na gesi zenye joto hujikusanya darini, na zikipata hewa ya kutosha huwaka zote kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1983, ndege ya Air Canada iliyokuwa imejaa moshi ilitua salama karibu na Cincinnati ikiwa na watu 46. Nusu yao walitoka, na nusu nyingine, watu 23, wakafia ndani, kwa kuwa kabini iliwaka muda mfupi baada ya milango kufunguliwa. Miaka miwili baadaye, huko Manchester, watu 55 walifariki katika ndege ambayo haikuwahi hata kuiacha ardhi, wengi wao kwa moshi, huku wengine wakikwama kwenye upenyo mwembamba wa mbele na kwenye mlango wa juu ya bawa. Taa zinazoonyesha njia sakafuni na vitambaa vya viti visivyoshika moto upesi vimeenea kutokana na misiba ya aina hii, na kila ninapoinama kukagua ukanda wa taa hizo huwa nakumbuka hivyo.

Kwa hiyo kila kifaa nakipima kwa sekunde kitakazopoteza. Kiti cha mhudumu kilicho jirani na mlango hujikunja chenyewe kwa springi. Nakivuta chini kwa kiganja, nakiachia, nasikiliza. Kilicho kizima hurudi ukutani kwa mlio mmoja mkavu. Kilichochoka hupanda polepole, husita katikati, na pengine hubaki hapo hapo. Asiyejua ataona kiti kilicholegea kidogo, lakini mimi naona kizuizi mbele ya mlango ambao watu wengi wanauelekea bila kuona mbele.

Hitilafu iliyonifundisha zaidi ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Alfajiri moja, katika ukaguzi wa ndege iliyokuwa inajiandaa kuondoka, nilifungua kasha la kofia ya kujikinga na moshi, ile ambayo mhudumu huivaa anapokwenda kupambana na moto. Kofia za aina ile hufungashwa ndani ya fuko lisilopitisha hewa, lenye kidirisha cha kuonyesha kama unyevu umeingia: rangi ya bluu ni salama, ya waridi ni mbovu. Ilikuwa ya waridi. Fomu ya ukaguzi wa kabla ya safari ilikuwa imeshasainiwa, na nilipomuuliza mhudumu aliyesaini, alinijibu bila kujitetea, "Nilitazama kama ipo, Afande. Rangi sikuitazama."

Kofia nyingine ililetwa na ndege ikachelewa. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba mhudumu alizembea, na sitasema kwamba wazo hilo halikunijia. Nilipoomba mwongozo wa mafunzo yake, hata hivyo, nilikuta umeandika "hakikisha kofia ipo", basi. Alikuwa ametimiza kila neno alilofundishwa. Dosari niliyoiandika kwenye ripoti nikaielekeza kwenye mwongozo, kwa kuwa kumwadhibu mtu mmoja kungewaacha wenzake wote wakiendelea kusaini vilevile.

Sehemu nyingine ya kazi naifanyia hewani, nikiwa nimekaa kati ya abiria. Natazama kama milango imetegwa ili mtelezo ujifungue mlango ukifunguliwa, na kama mhudumu wa upande wa pili amehakiki kwa macho yake badala ya kuitikia tu. Natazama pia maelezo ya jaketi la kuokolea maisha, hasa pale abiria wanapoambiwa wasilijaze hewa wakiwa ndani. Katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuangukia baharini karibu na Komoro mwaka 1996, baadhi ya abiria walijaza majaketi yao mapema, maji yalipoingia yakawainua hadi darini, na wakashindwa kuzamia kuufikia mlango. Mhudumu akilisema neno hilo kwa haraka, kama mtu anayemalizia sala asiyoisikiliza, naliandika.

Baada ya kutua huwa nina swali moja: "Ndege ilipokuwa inaondoka, ulikuwa unawaza nini?" Mhudumu aliyeiva hutaja mlango wake, kile atakachokitazama nje kabla ya kuufungua, na abiria aliyemchagua kumsaidia. Katika ajali ya ndege ya Januari 2024 kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, mfumo wa matangazo ulikufa na ni milango mitatu tu kati ya minane iliyotumika, lakini watu wote 379 waliokuwa ndani ya ndege ile ya abiria walitoka hai. Wahudumu walitumia sauti zao na vipaza sauti vya mkononi. Mimi kipaza sauti sikihesabu tu kwenye orodha. Nakishika, nabonyeza, nasema neno, maana betri iliyokufa haionekani kwa macho.

Shirika la ndege lenye ile kofia ya waridi lilirekebisha mwongozo wake ndani ya muda liliopewa: kofia ipo, lakiri ni nzima, rangi ni bluu. Miezi kadhaa baadaye nilipanda ndege yao nyingine bila taarifa, nikamkuta mhudumu nisiyemfahamu amepiga magoti mbele ya kasha, tochi mkononi, akisogeza fuko ili kidirisha kiangalie mwangani.