Dawa au mazungumzo? Majibu kwa wagonjwa wetu wa depresioni, Bukavu

Depresioni ni nini?
Ni ugonjwa. Wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, roho nzito au hamu ya kitu chochote imeisha. Usingizi umeharibika, chakula hakipiti, nguvu hakuna. Wengi wanaotufikia kutoka Kadutu na Panzi husema tu "kichwa kinaniuma, silali," na wameshameza dawa za malaria bila hata kupimwa damu.

Nianze na kipi?
Ikiwa nyepesi, mazungumzo. Ikiwa ya kati, kimojawapo kinaweza kutosha, na wewe unashiriki kuchagua. Ikiwa nzito, mara nyingi vyote viwili.

Kuzungumza kutaponya nini? Shangazi ananisikiliza bure.
Shangazi abaki, tunamhitaji. Lakini mazungumzo ya tiba yana kazi ya kufanya. Mama muuza sambaza (samaki wadogo wa ziwa) aliyeacha kushuka sokoni anaweza kupangiwa hivi: juma hili utatoka asubuhi mbili, uwe na hamu usiwe nayo, halafu utatuambia ulivyojisikia kabla na baada. Juma lijalo tunaongeza. Mara nyingi huchukua vikao 8 hadi 16. Aliyekuja mara moja akasema "hakuna kitu" hajajaribu.

Nimemeza siku 10, sioni kitu. Niache?
Usiache. Dawa za depresioni, fluoxetine na amitriptyline, hazifanyi kazi kwa saa moja kama parasetamoli. Kero ndizo hutangulia: kichefuchefu, kinywa kukauka, usingizi kuvurugika. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2, na inaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kukamilika. Kero zikikushinda, rudi tubadilishe.

Sasa nimepona, nalala vizuri. Niache?
Usiache! Hapa ndipo tunapowapoteza watu. Anajisikia vizuri, anatupa pakiti, anarudi akiwa amebebwa. Umelala kwa sababu dawa inafanya kazi. Endelea miezi 9 hadi 12 tangu dalili ziishe, kisha tutapunguza pamoja, polepole. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi, halafu utasema dawa imekuzoesha. Hapana, umeikata vibaya.

Mchungaji amesema kumeza ni kukosa imani.
Usiache. Omba, na umeze. Mchungaji mwenyewe akipata presha humeza vidonge vyake asubuhi, na hakuna anayemhoji imani.

Jirani amenipa diazepam, inanilaza.
Inalaza, haitibu depresioni, na hiyo ndiyo inayozoesha. Ukiichanganya na kasiksi (pombe ya ndizi) unaweza kuacha kupumua. Tafadhali, jamani, vidonge havigawanwi kama chumvi.

Na mtu akisema anataka kufa?
Leo hii. Si baada ya maombi ya siku tatu, si Jumatatu. Asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Vidonge vyote vishikwe na mtu mwingine, maana amitriptyline nyingi kwa mpigo inaua. Akiwa chini ya miaka 25 na ndiyo kwanza ameanza dawa, mchungeni zaidi wiki za mwanzo: mawazo hayo yanaweza kuongezeka. Hapo pia asiache mwenyewe, aletwe. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, hospitali yoyote, au SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili hapa Bukavu. Kama ni usiku, amsheni muuguzi wa zamu.