Taa ya kijani haijasema betri ni nzima

Kwenye uvuvi wa dagaa hapa Kigoma karabai zimepungua, taa za LED na betri ndizo zinazoshika usukani. Kwa mafundi hiyo ni riziki: seli za lithiamu, chipu ya chaja kama TP4056, na sasa mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, ya kufuatilia chaji. Chipu hiyo ya chaja ina pini mbili za taarifa: CHRG ya kusema inachaji, na STDBY ya kusema imemaliza, ambayo ndiyo huwasha taa ya kijani. Nyingi ya kazi zinazorudi mezani zimeharibikia hapo, kwa dhana potofu zifuatazo, na mvuvi aliyezimikiwa taa ziwani hana wa kumwita.

Dhana: CHRG hutoa volti betri inapochaji.

Haitoi volti kamwe. Ndani yake kuna transista inayoivuta pini upande wa hasi wakati wa kuchaji, kisha huiachia. Pini iliyoachiwa inaelea, na mikrokontrola itasoma 0 (hakuna volti) au 1 (volti ipo) bila mpangilio. Ndiyo maana lazima iwepo rezista ya kuivuta juu: kiloomu 10 inatosha, au ile ya ndani ya mikrokontrola, inayowashwa kwa amri ya INPUT_PULLUP. Hapo 0 maana yake inachaji. Kwenye mikrokontrola ya ESP32, pini ya 34 hadi 39 hazina rezista ya ndani, kwa hiyo weka ya nje.

Dhana: bodi ya chaja ina LED tayari, chomea waya tu.

LED hizo zimefungwa kwenye volti 5 za kuingilia, na kupitia kwao pini yako inaweza kufikiwa na volti zaidi ya inazostahimili. Arduino Uno hufanya kazi kwa volti 5, haidhuriki. ESP32 ni ya volti 3.3. Ng'oa LED, kisha ivute pini juu kwa volti 3.3.

Dhana: pini zote mbili zikisoma 1, betri imejaa.

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Betri ikijaa, STDBY husoma 0. Zote mbili zikiwa 1, chipu haichaji na haijamaliza: pengine umeme umekatika, pengine wingu limefunika paneli na volti zimeshuka mno, pengine chipu imesimama kwa sababu ya joto la betri. Pini mbili peke yake haziwezi kutenganisha hali hizo. Ongeza rezista mbili za kugawa volti na upime umeme unaoingia. Kwa paneli dhaifu, soma mara kadhaa ndani ya sekunde chache kabla ya kuamua, kwani chipu huzima na kuwaka kila volti zinapopanda na kushuka. Tena, bodi nyingi za bei nafuu zimefunga pini ya TEMP, ya kupima joto la betri, kwenye hasi, kwa hiyo ulinzi wa joto la betri haupo kabisa, hata kama maelezo ya chipu yanautaja.

Dhana: msimbo wa chipu moja unafaa kwa nyingine.

MCP73831, chipu nyingine ya chaja, ina pini moja ya taarifa yenye hali tatu: chini inapochaji, juu ikimaliza, kuelea ikiwa haina betri.

Dhana: kijani ikiwaka, betri ina nguvu yake yote.

TP4056 hutangaza imemaliza pale betri inapofika volti 4.2 na mkondo kushuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule uliopangwa. Kwa rezista ya kiloomu 1.2, mkondo ni takriban miliampea 1000, hivyo hukoma kwenye 100. Taa iliyofungwa kwenye betri ikila miliampea 150 wakati wa kuchaji, kijani haitawaka hata usiku kucha. Na seli iliyochoka hufika 4.2 haraka, huwasha kijani mapema, kisha humzimikia mvuvi katikati ya ziwa.

Mikrokontrola ihesabu muda kuanzia CHRG inaposhuka hadi STDBY inaposhuka. Seli ya miliampea-saa 2000 iliyoisha chaji, ikichajiwa kwa 1000, inahitaji zaidi ya saa 2. Ikimaliza kwa dakika 40, ibadilishe kabla mtumbwi haujaondoka.