Je, wajua? Kusaidia wengine hakukuongezei afya, kunapunguza kinachoila

Kwa nini mtu anayewajali wengine huelekea kuishi miaka mingi zaidi? Jibu linalozunguka kila mahali ni la homoni: ukitenda wema, ubongo hukumwagia endofini na oksitosini, na mwili unanawiri. Ni jibu tamu, ila ushahidi wake ni mwembamba. Habari ya endofini ilivuma miaka ya 1980 kupitia Allan Luks wa Marekani, aliyekusanya madodoso ya watu wanaojitolea. Wengi walisimulia kusikia joto na wepesi wa mwili. Walisimulia tu, madodoso hayapimi damu. Oksitosini nayo, ikishaingia kwenye damu, hudumu dakika chache, na majaribio kadhaa maarufu ya kuipuliza puani yaliporudiwa na watafiti wengine hayakutoa matokeo yale yale.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye takwimu za vifo. Kama wema ungekuwa dozi ya kitu kizuri, kila anayetoa angefaidika, na anayetoa zaidi angefaidika zaidi. Sivyo ilivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Michael Poulin na wenzake walifuatilia watu 846 wa eneo la Detroit, Marekani, kwa miaka 5. Waliwauliza mambo mawili: katika mwaka uliopita umepatwa na mkasa gani mzito (ugonjwa, wizi, kupoteza kazi, msiba), na je, umewasaidia watu usioishi nao kwa usafiri, manunuzi, kazi za nyumbani au kuwaangalizia watoto? Kwa wasiomsaidia mtu, kila mkasa uliendana na ongezeko la hatari ya kufa la takriban asilimia 30. Kwa waliosaidia, mikasa haikuongeza hatari hiyo.

Matokeo hayo ni ya ajabu kuliko yanavyoonekana kwa haraka. Waliosaidia hawakuepushwa na shida. Ziliwapata, ila hazikuwapunguzia maisha.

Wala siri haiko katika kupokea, kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2003 Stephanie Brown na wenzake walichapisha matokeo ya miaka 5 kuhusu wanandoa wazee, jozi 423, wa Detroit vilevile. Kutoa msaada ndiko kulikoendana na vifo vichache. Kupokea, mara utoaji ulipotiwa kwenye hesabu, hakukupunguza vifo.

Sasa, mkasa huulaje mwili? Ukishtuka, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitoe kortisoli, homoni ya msongo. Mfumo huu hujizima wenyewe, kama tangi la maji lenye boya. Maji yakipanda, boya huinuka na kufunga koki. Kortisoli ikipanda, ubongo huisikia na kusitisha amri. Lakini koki ikifunguliwa mara kwa mara kwa miezi, boya hulegea: tangi limejaa na maji bado yanaingia. Kwa mtu, kulegea huko ni seli kuwa sugu kwa kortisoli. Na kwa kuwa kortisoli ndiyo inayoizuia kinga isichochee uvimbe (yaani mwili kuwaka unapojikinga) kupita kiasi, seli zikishakuwa sugu, uvimbe mdogo usioonekana huendelea chinichini na kuchakaza mishipa ya damu.

Msaada hauongezi kitu tangini. Inavyoelekea, unapunguza nguvu ya mkono unaofungua koki. Mwaka 2012 Tristen Inagaki na Naomi Eisenberger waliwapima ubongo wanawake walioshika mkono wa mpenzi wao aliyekuwa akipigwa shoti ndogo za umeme. Sehemu iitwayo septamu, ambayo kwa wanyama huhusika na kulea watoto, ilichangamka, na kadiri ilivyochangamka ndivyo amigdala, kitovu cha hofu, ilivyotulia. Jaribio lilikuwa dogo, na kutoka amigdala tulivu hadi miaka ya kuishi ni mwendo mrefu.

Mashaka mengine ni ya haki: mwenye nguvu ndiye anayeweza kumbebea mwenzake mzigo, kwa hiyo huenda afya ndiyo inayozaa msaada. Hapo yanahitajika majaribio ambayo watu hugawanywa makundi kwa bahati nasibu. Hannah Schreier na wenzake waligawanya hivyo wanafunzi 106 wa sekondari nchini Kanada: nusu wakasaidie watoto wa shule ya msingi mara moja kwa wiki kwa takriban miezi 2, nusu wasubiri zamu. Waliokwenda walipungukiwa na kolesteroli na interlukini-6, kiashiria cha uvimbe huo wa ndani. Waliopungukiwa zaidi ni wale ambao huruma yao iliongezeka zaidi.

Kwa nini basi wauguzaji wa nyumbani huchakaa? Janice Kiecolt-Glaser aliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza ndugu wenye dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, akawatoboa kidonda cha milimita 3.5. Kidonda kilichelewa kupona kwa siku 9 kuliko cha wenzao wasiotunza mgonjwa. Schulz na Beach, mwaka 1999, waliona kuwa wazee wanaomtunza mwenza huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ndani ya miaka 4. Wanaotunza bila kuelemewa hawakuwa na ongezeko hilo. Kinachoua si kutunza, ni koki isiyofungwa usiku wala mchana.

Ndipo lilipo kosa la mwisho, la kudhani kuhurumia ni kuumia pamoja. Olga Klimecki na Tania Singer walifundisha watu wale wale mambo mawili, kwa zamu. Walipofundishwa kuyasikia maumivu ya wengine, walielemewa. Walipofundishwa kuwatakia nafuu, majonzi yalirudi chini na maeneo ya ubongo yanayohusika na ukaribu na hisia ya kuridhika yakaamka.

Kwa vitendo: chagua kazi yenye mwanzo na mwisho, kama kumpeleka mtu kliniki au kumsomesha mtoto kwa saa moja. Ukihisi kifua kinabana mbele ya mateso, pumua taratibu, kisha uliza "unahitaji nini sasa?" badala ya kuendelea kujiweka mahali pake. Anayemtunza mgonjwa daima atafute wa kumpokea zamu kwanza. Kumwongezea kazi ya kujitolea ni kumzidishia mzigo. Kiasi kinachotajwa ni saa 100 kwa mwaka, kama 2 kwa wiki. Eric Kim na wenzake, mwaka 2020, waliona vifo vichache kwa Wamarekani wa zaidi ya miaka 50 waliofikia kiasi hicho, ila hawakuona kisukari, kiharusi wala saratani vikipungua.

Nia nayo huhesabiwa, jambo linalomweka pabaya anayetafuta tiba humu. Kati ya wahitimu wa sekondari wa mwaka 1957 wa jimbo la Wisconsin, Marekani, waliofuatiliwa uzeeni, Sara Konrath alikuta ndani ya miaka 4 wamefariki asilimia 4.3 ya wasiojitolea, asilimia 4.0 ya waliojitolea kwa manufaa yao wenyewe, na asilimia 1.6 ya waliojitolea kwa ajili ya wengine.