Je, wajua kwa nini wazazi wa Kiyahudi waliwapandisha watoto wao treni peke yao?

Tarehe 2 Desemba 1938, meli kutoka Uholanzi iliingia katika bandari ya Harwich, Uingereza, ikiwa na watoto wapatao 200 kutoka Ujerumani. Hakuna hata mmoja aliyefuatana na mzazi. Hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza Septemba 1939, walikuwa wamefika karibu 10,000, wengi wao Wayahudi, kutoka Ujerumani, Austria, Chekoslovakia na Poland.

Mzazi gani humpandisha treni mtoto wa miaka mitano, aende nchi ambayo hajui hata salamu ya watu wake?

Jibu liko kwenye visa, yaani kibali cha kuingia nchi nyingine. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, Wanazi, wafuasi wa Hitler waliotawala Ujerumani, walichoma masinagogi, nyumba za ibada za Wayahudi, wakavunja maduka ya Wayahudi na kuwakamata wanaume wapatao 30,000. Familia zilitaka kukimbia pamoja, baba, mama na watoto. Lakini nchi nyingi zilikuwa zimebana mipaka, na Uingereza ilihofia kwamba wageni watu wazima wangegombea kazi na raia wake. Kwa walio chini ya miaka 17 ikalegeza: waingie bila visa, mradi wasiwe mzigo kwa serikali. Baadaye ikadaiwa dhamana ya pauni 50 kwa kila mtoto. Wapo kina mama waliopata kibali cha kwenda kuwa watumishi wa nyumbani, lakini wazazi walio wengi walibaki.

Mtoto alining'inizwa namba shingoni, na namba hiyohiyo ikafungwa kwenye sanduku lake dogo, moja tu, la kubebeka na mikono yake mwenyewe. Vitu vya thamani vilikatazwa. Wazazi wengi waliahidi kwamba wangefuata baada ya miezi michache, na naamini waliahidi kwa moyo wa kweli, maana bado walikuwa wakihangaikia karatasi zao.

Vita vikakata barua za kawaida. Ikabaki fomu ya Msalaba Mwekundu, iliyopitia Geneva, isiyozidi maneno 25. Mama mwenye mambo ya mwaka mzima ya kumwambia mwanawe aliyabana humo: tu wazima, soma kwa bidii, usisahau koti. Jibu liliandikwa nyuma ya karatasi ileile, na lilichukua miezi kurudi. Kisha, kwa watoto wengi, fomu zikaacha kuja. Wazazi walikuwa wamesafirishwa kwenda kwenye mageto, mitaa ya kuwafungia Wayahudi, na kwenye kambi za mauaji.

Watoto wengi hawakuwaona tena. Na wachache waliobahatika kukutana baada ya 1945 walikutana na pengo jingine: aliyeondoka na miaka minne sasa alikuwa na kumi au zaidi, Kijerumani kimemtoka, mama yake hajui Kiingereza, na walihitaji mtu wa tatu wa kuwatafsiria.