Wahudumu wa afya ya jamii hawaleti ugonjwa mtaani

Wengi tunaamini kwamba wahudumu wa afya ya jamii wakianza kupita nyumba kwa nyumba wakati wa mlipuko ndo wanaoleta ugonjwa, maana wakishapita tu unasikia wagonjwa wameongezeka. Inaeleweka kabisa mtu kuona hivyo, ila wao mara nyingi hutumwa pale ambapo tayari kuna mgonjwa. Chukua kipindupindu, dalili huanza kati ya masaa machache na siku 5 tangu umeze vimelea, kwa hiyo anayeharisha asubuhi hii anaweza kuwa aliambukizwa siku kadhaa kabla hata hodi haijapigwa. Ebola ni siku 2 hadi 21, ndo maana aliyemgusa mgonjwa anafuatiliwa kila siku kwa siku 21, anapimwa joto, anaulizwa kama kichwa kinauma au anatapika. Idadi nayo inapanda kwa sababu waliokuwa wanaumwa kimya kimya ndani sasa wanaonekana, na kwangu mimi hapo ndo wanapookoa watu wengi. Ukitaka kuhakikisha, uliza dalili zilianza siku gani, linganisha na siku mhudumu alipopita, halafu ulizia kituo cha afya cha karibu kama wanamtambua, na kitambulisho omba tu, hakuna ubaya.