Tawasifu darasani: tunayoyaamini na yalivyo

Mwambie mwanafunzi wa Kidato cha Pili pale Uyole au Mafinga, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, aandike tawasifu, yaani historia ya maisha yake. Mara nyingi utapokea hivi: mimi naitwa fulani, nilizaliwa mwaka fulani katika hospitali ya wilaya, nikaanza darasa la kwanza, nikafaulu, ndoto yangu ni kuwa daktari. Basi. Mwalimu anatia tiki, anaandika "vizuri", daftari linarudi. Hakuna aliyejifunza kitu, si aliyeandika wala aliyesahihisha. Halafu tunasema tawasifu ni kazi nyepesi ya kujazia kipindi. Mimi nadhani kosa linaanza mapema zaidi, kwenye mambo tunayoyaamini kabla hata ya kushika chaki.

La kwanza ni kwamba tawasifu ni ya wakubwa. Ni rahisi kuona imani hii imetoka wapi. Tawasifu zinazozungumzwa magazetini ni za watu kama marais wastaafu, Benjamin Mkapa aliyetoa yake mwaka 2019 na Ali Hassan Mwinyi mwaka 2021. Mtoto wa mkulima wa viazi Uporoto anajiuliza: mimi nina nini cha kuandika?

Jibu liko hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mmisionari wa Moravian aliyefanya kazi katika nchi ya Wasafwa karibu na Mbeya, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika masimulizi ya maisha ya watu wa kawaida wa ukanda huu. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliopitia kutekwa na utumwa, kama Narwimba na Chisi. Hawakuwa machifu. Miongo mingi baadaye mwanahistoria wa Marekani, Marcia Wright, aliyachukua masimulizi hayo na kuyafanya msingi wa utafiti wake kuhusu wanawake na utumwa katika eneo hili. Kilichoonekana humo hakikuwa kwenye ripoti za maofisa wa kikoloni. Katika miaka ya misafara ya watumwa na vita, mwanamke asiye na mtu wa kumsimamia, awe mume, ndugu au mkubwa wa kumlinda, alikuwa hatarini kila siku, na ndoa yenyewe ilikuwa njia mojawapo ya kutafuta usalama. Somo hilo limetoka midomoni mwa wanawake ambao hakuna ambaye angewaalika kuhutubia mkutano.

Leo masimulizi ya aina hiyo bado yapo, ila yanapungua kila msimu wa mazishi. Rungwe na Kyela zimejaa familia ambazo babu yao alikwenda Wenela, yaani migodi ya Afrika Kusini, au alivuka kwenda kwenye migodi ya shaba kule Zambia. Mbeya, Makambako na Mlimba wapo wazee waliojenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 70. Mwanafunzi akimuuliza alilala wapi, alilipwaje, alielewana vipi na fundi Mchina asiyejua Kiswahili, anapata historia ambayo hakuna atakayemletea.

Imani ya pili: "Hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili." Wapi! Mwaka 1977 wanasaikolojia Rogers, Kuiper na Kirker waliwapa watu orodha ya maneno ya sifa. Baadhi ya maneno waliulizwa yana herufi za namna gani, mengine yana maana gani, na mengine kama yanawahusu wao wenyewe. Baadaye yale waliyojipima nayo wenyewe ndiyo waliyoyakumbuka zaidi. Kwa hiyo kuunganisha somo na maisha ya mwanafunzi si mapambo ya kuamsha waliosinzia. Kunashikiza jambo kichwani.

Chukua uchachukaji katika somo la Kemia au Biolojia. Mtoto wa Iringa au Njombe aliyekulia kwenye shamba la mianzi anajua kwamba wakati wa mvua chipukizi hukatwa asubuhi na jioni, utomvu ukadondokea kwenye mbeta, chombo cha mwanzi, na kwamba ulanzi (pombe ya mianzi) wa leo ni togwa tamu lakini ukilala unakuwa mkangafu, yaani mkali. Mwache aandike ukurasa mmoja juu ya alivyokuwa akitumwa kuchukua mbeta. Halafu uliza: mbona hakuna aliyetia hamira? Utamu ulikwenda wapi? Povu lile ni nini? Ukifika kwenye sukari kugeuka alkoholi na gesi ya kaboni dayoksaidi kwa kazi ya chachu iliyomo hewani na kwenye mwanzi wenyewe, darasa linakusubiri. (Najua kuna wazazi watakaonuna kusikia pombe darasani. Kinachofundishwa ni chachu, si kilabu.)

Imani inayofuata ina sura mbili, na watu wale wale hushika zote mbili. Asubuhi wanasema mzee alikuwepo, kwa hiyo alichosema ni kweli tupu. Jioni wanasema kumbukumbu hazina maana, twende na kitabu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, wakawauliza yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, cha magari kupondana, walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana tu walikadiria 31.8. Filamu ni zile zile. Kumbukumbu inajengwa upya kila inapoitwa, na namna ya kuuliza inaingia ndani yake.

Hiyo si sababu ya kuitupa. Ni sababu ya kumfundisha mwanafunzi kuihoji. Siku ya Krismasi mwaka 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Jina la Kleruu liko kwenye chuo cha ualimu mjini Iringa. Tarehe, mahali na hukumu havina ubishi mkubwa. Lakini darasa likikusanya masimulizi ya wazee, litapata mashujaa tofauti, matusi tofauti, sababu tofauti. Hapo ndipo somo lilipo: huyu alikuwa wapi siku ile? Aliona au alisikia? Shamba la nani lilikuwa linachukuliwa?

Sasa imani ninayoiona ya hatari kuliko zote: kusimulia yanayouma kunaponya, basi kila mtoto afunguke. Chanzo chake kimojawapo ni cha kweli. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kuandika juu ya jambo lililowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Miezi iliyofuata wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Kinachosahaulika ni kwamba mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, kwamba waliandika kwa faragha, na kwamba walikuwa watu wazima waliojitolea. Mtoto wa miaka 13 anayesomewa insha yake mbele ya wenzake 70 hayumo katika hali hiyo hata kidogo.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 uliikuta Njombe na kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 11.4 kwa watu wazima, cha juu kuliko mikoa yote nchini. Kichwa cha insha kama "Baba yangu" kinaweza kumlazimisha yatima achague kati ya kudanganya na kujianika. Na anayoandika mtoto kuhusu afya ya familia yake ni taarifa za watu, ambazo tangu 2022 zina sheria ya kuzilinda. Toa vichwa vitatu achague. Mwache abadilishe majina. Usisome kwa sauti bila ruhusa yake. Ukiona jambo zito, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha taratibu, bila kulifanya mjadala wa ofisi ya walimu.

Kuhusu alama, kifupi: usisahihishe maisha. Sahihisha mpangilio, undani wa maelezo, maswali aliyojiuliza. Na bibi akisimulia kwa Kinyakyusa au Kihehe, mwanafunzi aandike kama alivyosikia kwanza, Kiswahili sanifu kije katika nakala ya pili.

Wanaolalamikia muda nawaelewa, silabasi ni ndefu. Lakini mahojiano hufanyika nyumbani, jioni, jikoni. Darasani unahitaji vipindi viwili vya dakika 40: kimoja cha kutunga maswali pamoja kabla hawajaenda, kingine cha kulinganisha walichorudi nacho. Kama kimoja lazima kikatwe, kata cha pili. Maswali mabovu hayana dawa wakisharudi.